Gesi Isiyoonekana: Somo la Hewa Ukaa kwa Jamii za Mpakani



Wengi wenu mmezoea kutusoma tukizungumzia ajali za barabarani, wizi wa mifugo na magendo. Katika toleo hili tunazungumzia kitu ambacho hakivunji mlango, hakisimami forodhani, wala hakiwezi kutiwa pingu. Kitu hicho ni hewa ukaa, ambayo wanasayansi huiita kaboni dioksidi.

Tunaizungumzia kwa sababu mbili. Kwanza, gesi hii pamoja na ndugu yake, kaboni monoksidi, huua watu majumbani na visimani, na mara nyingi polisi huitwa mauti yakiwa yamekwisha kutokea. Pili, baadhi ya sheria tunazozisimamia, zikiwamo za mkaa, misitu na magari, zinahusiana na gesi hii. Raia ana haki ya kuelewa sababu ya sheria anayotakiwa kuitii.

Jicho si shahidi wa kutosha

Lori lililolemewa na mzigo likipanda kilima kati ya Arua na Koboko, hutoa moshi mweusi, na watu walioko kando ya barabara huziba pua na kusema kwamba gari hilo linachafua hewa. Wanasema kweli. Lakini gari jipya linalopita nyuma yake, bomba lake likiwa safi kabisa, nalo linatoa gesi. Tofauti ni kwamba hiyo hatuioni.

Wazee walisema kwamba pafukapo moshi hapakosi moto. Methali hiyo ni ya kweli, ila tusiigeuze tukadhani kwamba pasipofuka moshi hapana moto. Katika bomba la gari, katika jiko na katika jenereta hutoka vitu vingi, na vitatu kati yake yafaa tuvitenganishe.

Cha kwanza ni masizi, yaani chembe nyeusi za kaboni ambazo hazikuungua sawasawa. Hizi tunaziona. Huingia mapafuni na kuleta kikohozi na maradhi ya kifua.

Cha pili ni kaboni monoksidi. Hutokea pale ambapo kitu kinaungua bila kupata hewa ya kutosha. Haina rangi, haina harufu, na huua kwa haraka. Hushikamana na damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni kwa zaidi ya mara 200, hata mwili ukakosa oksijeni ilhali mtu bado anavuta pumzi.

Cha tatu ni kaboni dioksidi, yaani hewa ukaa, ambayo nayo haina rangi wala harufu. Sisi wenyewe huitoa tunapopumua, na mimea huihitaji ili ikue. Ikiwa kidogo, haimdhuru mtu. Madhara yake ni ya namna mbili: ikijikusanya mahali palipofungika huua, na ikizidi katika anga la dunia nzima huongeza joto.

Hesabu ya lita moja

Kwa kuwa jicho halituambii kitu, yatubidi tuhesabu. Lita moja ya petroli ina uzito wa takriban robo tatu ya kilo. Hata hivyo, ikiungua hutoa takriban kilo 2.3 za hewa ukaa. Lita moja ya dizeli hutoa takriban kilo 2.7. Msomaji atauliza: inawezekanaje moshi ukawa mzito kuliko mafuta yenyewe?

Jibu limo hewani. Mafuta yana kaboni. Yanapoungua, kila chembe ya kaboni hukamata chembe mbili za oksijeni kutoka katika hewa inayotuzunguka. Kwa mizani ya kemia, kilo 12 za kaboni huungana na kilo 32 za oksijeni na kuwa kilo 44 za hewa ukaa. Basi sehemu kubwa ya uzito ule haikutoka katika tangi bali ilichukuliwa hewani.

Tuchukue mfano wa mwendesha bodaboda anayetumia lita 3 kwa siku, siku 300 kwa mwaka. Hizo ni lita 900, na hewa ukaa itokayo ni takriban tani 2. Tuchukue pia lori linalotumia lita 35 za dizeli kwa kila kilomita 100. Barabara yetu ya lami kutoka Vurra, kupitia Arua na Koboko, hadi Oraba ina urefu wa takriban kilomita 92. Katika safari moja ya upande mmoja, lori hilo litatumia lita 32 hivi na kutoa takriban kilo 86 za hewa ukaa, uzito unaokaribia ule wa gunia la mahindi.

Hatutoi mifano hii ili kumlaumu mwendesha bodaboda au dereva. Mmoja huwabeba abiria wengi kwa siku, na mwingine huwaletea wengi chumvi, sabuni na saruji. Tunataka msomaji ajue kwamba kila lita ina hesabu yake, hata bomba likiwa safi namna gani.

Vyanzo vingine nje ya barabara

Ulimwenguni kote, vyombo vya usafiri hutoa karibu robo ya hewa ukaa inayotokana na matumizi ya nishati. Sehemu kubwa zaidi hutoka katika mitambo ya umeme inayochoma makaa ya mawe na gesi, na katika viwanda. Hali ya Uganda ni tofauti, kwa sababu umeme wa gridi ya taifa hutokana zaidi na nguvu ya maji: kuanzia bwawa la Owen Falls kule Jinja lililofunguliwa mwaka 1954, ambalo leo linaitwa Nalubaale, hadi Karuma lenye uwezo wa megawati 600 lililozinduliwa mwaka 2024. Hapa West Nile, kwa miaka mingi tulikuwa mbali na gridi hiyo, tukitegemea jenereta za mafuta mjini Arua na bwawa dogo la Nyagak kule Zombo.

Vyanzo vyetu vikubwa ni vya jikoni na shambani. Sehemu kubwa mno ya nishati inayotumika Uganda hutokana na kuni na mkaa. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa karibu kilo 3 za hewa ukaa. Na kabla mkaa haujafika sokoni, tanuri la udongo limekwisha kula kuni nyingi: mara nyingi kilo 5 hadi 10 za kuni ili kupata kilo moja ya mkaa. Gunia la kilo 50, basi, limebeba ndani yake kuni za kilo 250 hadi 500.

Kuna pia matanuri ya kuchomea matofali, majani yachomwayo wakati wa kiangazi, na kuni zilizotumika kwa miongo mingi kukaushia tumbaku katika wilaya zetu. Hata saruji inayovuka Oraba kwenda Sudan Kusini imo katika hesabu hii, kwa sababu chokaa mawe likichomwa ili kutengeneza saruji hutoa hewa ukaa kutoka ndani ya jiwe lenyewe, mbali na ile ya moto unaolichoma.

Hapa ipo tofauti moja muhimu. Mti ukikatwa na mwingine ukapandwa na kukua, mti mpya huivuta tena hewa ukaa na hesabu huweza kusawazika. Mti ukikatwa na mahali pake pasipandwe kitu, deni hubaki. Petroli na dizeli ni jambo jingine kabisa: kaboni yake ilizikwa ardhini mamilioni ya miaka iliyopita, na tukiichimbua na kuichoma tunaongeza hewani kitu ambacho hakikuwamo.

Deni la nani?

Mwaka 1856 mwanasayansi wa Marekani, Eunice Foote, alijaza hewa ukaa katika chupa ya kioo, akaiweka juani, akaona kwamba ilipata joto kuliko chupa yenye hewa ya kawaida na ilichelewa kupoa. Mwaka 1896 Svante Arrhenius wa Uswidi alikokotoa jinsi ongezeko la gesi hiyo lingeweza kuipasha dunia joto. Tangu mwaka 1958 imekuwa ikipimwa juu ya mlima Mauna Loa, Hawaii. Kabla ya enzi ya viwanda, katika kila sehemu milioni moja za hewa, takriban sehemu 280 zilikuwa hewa ukaa. Leo zimezidi 420. Gesi hiyo imekuwa kama blanketi linaloongezwa unene, na wastani wa joto la dunia umepanda kwa zaidi ya nyuzi 1 ya Selsiasi.

Dalili zake zinaonekana hata katika mpaka wetu wenyewe na Kongo. Barafu ya milima ya Rwenzori, ambayo mwaka 1906 ilifunika zaidi ya kilomita 6 za mraba, leo imebaki chini ya kilomita moja ya mraba.

Mtu wa Kuluba ana haki ya kuuliza: deni hili ni langu? Jibu la haki ni kwamba sehemu yake ni ndogo sana. Tukihesabu mafuta na saruji, Mganda wa kawaida huhusishwa na chini ya robo ya tani ya hewa ukaa kwa mwaka, wakati Mmarekani wa kawaida huhusishwa na zaidi ya tani 13. Hatuwezi kumwambia mama anayepika maharage kwamba yeye ndiye aliyeiyeyusha barafu ya Rwenzori.

Kwa nini basi tuhangaike? Kwa sababu hasara ya kuchoma ovyo humwangukia kwanza yule aliye karibu na moto. Anayetumia kuni nyingi kuliko inavyohitajika hutembea mbali zaidi kuzitafuta. Injini iliyochakaa humla mwenyewe fedha za petroli. Kilima kisicho na miti huteremsha udongo mashambani wakati wa mvua. Na gesi iliyofungiwa ndani ya nyumba haichagui nchi tajiri wala maskini.

Kutoka mazuku hadi kisimani

Jirani zetu wanaozungumza Kiswahili kule Goma, kando ya Ziwa Kivu, wana neno mazuku. Ni jina la sehemu za mabondeni ambako hewa ukaa hutoka ardhini kwa nguvu za volkano na kujikusanya. Gesi hii ni nzito kuliko hewa ya kawaida kwa karibu mara moja na nusu, kwa hiyo hulala chini kama maji katika bakuli. Mbuzi akiingia huanguka, na mtu akiinama kumwinua naye huweza kuanguka. Kule Kameruni, usiku wa tarehe 21 Agosti 1986, Ziwa Nyos lilifoka wingu la gesi hii, na zaidi ya watu 1,700 wakafa, wengi wao wakiwa wamelala.

Hatutarajii Ziwa Nyos hapa Kuluba. Lakini kisima kirefu, shimo la choo linalochimbwa, au shimo la kuhifadhia vitu vinavyooza, huweza kuwa mazuku madogo. Mtu hushuka, hujibu mara moja, kisha hunyamaza. Ndugu yake hushuka kumwokoa, naye hunyamaza. Hatari huzidi pale pampu ya petroli inapowashwa ndani ya shimo, kwa kuwa hapo kaboni monoksidi nayo huongezeka. Wengine hutumia mshumaa kupima hewa. Mshumaa uliozimika ni onyo la kweli, lakini mshumaa unaowaka si hati ya usalama, kwa maana hauwezi kuitambua kaboni monoksidi.

Nyumbani, hatari kubwa ni jiko la mkaa, ambalo wengi wetu huliita sigiri. Usiku wa baridi au mvua, familia huliingiza ndani likiwa na makaa mekundu yasiyotoa moshi, hufunga mlango na dirisha, kisha hulala. Makaa yasiyotoa moshi ndiyo yanayowahadaa watu, kwa sababu hutoa kaboni monoksidi usiku kucha. Vivyo hivyo kwa jenereta inayowashwa ndani ya duka, na kwa dereva anayesubiri kibali mpakani akapika ndani ya kichwa cha lori na kufunga vioo.

Lipo jambo jingine ambalo sisi polisi tunalisisitiza. Watu wanapokutwa wamekufa kitandani bila jeraha, uvumi wa sumu au uchawi huenea haraka kuliko habari ya kweli. Jirani aliyegombana na marehemu hutajwa, mawe huokotwa, na msiba wa kwanza huzaa wa pili. Kabla ya kumtaja mtu, tazameni chumba: je, kulikuwa na sigiri? Je, madirisha yalifungwa? Je, jenereta ilikuwa ikiwaka? Fungueni milango, watoeni nje walio hai, wapelekwe kituo cha afya mara moja, kisha muite polisi na kuacha vitu vilipo. Uchunguzi wa daktari unaweza kuitambua kaboni monoksidi katika damu. Umati hauwezi.

Mafuta ya jerikeni

Wazee wa Arua wanawakumbuka vijana waliojulikana kwa jina la OPEC, walioitwa hivyo kwa utani kufuata jumuiya ya nchi zinazouza mafuta. Waliuza petroli kwa jerikeni kandokando ya barabara, na mengi ya mafuta hayo yaliingia kutoka upande wa Kongo bila kulipiwa ushuru. Biashara hiyo iliwalisha wengi wakati ambapo ajira zilikuwa haba, nasi hatulisahau hilo.

Hata hivyo, mafuta yasiyojulikana yalikotoka huweza kuchanganywa na mafuta ya taa. Hapa tusichanganye mambo: mchanganyiko huo haubadilishi sana kiasi cha hewa ukaa kwa kila lita. Unachofanya ni kuharibu injini, kuongeza moshi na masizi, na kumfanya mwenye chombo anunue lita nyingi zaidi kwa safari ile ile. Jerikeni la petroli ndani ya nyumba yenye sigiri ni moto unaosubiri siku yake. Mafuta halali nchini Uganda hutiwa alama ya kikemikali ambayo wakaguzi huipima, kwa hiyo muuzaji asidhani kwamba udanganyifu hautambuliki.

Sheria na wajibu wetu

Mwaka 2018 Bunge la Uganda lilibadilisha sheria ya usalama barabarani na kupiga marufuku kuingiza nchini magari yenye umri wa miaka 15 au zaidi tangu yalipotengenezwa. Mwaka 2021 ilipitishwa Sheria ya Taifa ya Mabadiliko ya Tabianchi. Mwezi Mei 2023 Rais alitoa Amri Na. 3, iliyozuia ukataji wa miti kwa ajili ya mkaa wa biashara katika kaskazini mwa nchi. Amri hiyo iliwalenga wanaojaza malori kwa mkaa wa kuuza, si mama anayetafuta kuni za kupikia chakula cha jioni. Mwananchi akiombwa fedha barabarani kwa jina la amri hiyo bila stakabadhi, na atoe taarifa kituoni.

Wenyeji na wakimbizi, kutoka Kuluba hadi kambi ya Lobule, hutafuta kuni katika vichaka vile vile. Ugomvi wa kuni huanza kwa maneno na kuishia kwa panga. Tunawasihi wenyeviti wa LC na viongozi wa wakimbizi wakubaliane mapema ni wapi panapokatwa, ni wapi panapoachwa, na ni wapi panapopandwa.

Mambo yafuatayo yanawezekana bila kusubiri msaada wa mtu:

1. Kausha kuni kabla ya kuzichoma, na tumia jiko banifu. Chakula ni kile kile, kuni ni chache.
2. Usilale na sigiri ndani. Likiingia, mlango na dirisha viwe wazi. Ukienda kulala, litoke nje.
3. Jenereta na pampu za petroli ziwashwe nje, mbali na dirisha, na kamwe zisishushwe kisimani.
4. Mtu akianguka shimoni, usimfuate. Ita msaada, na wachimbaji wafungwe kamba kiunoni tangu mwanzo wa kazi ili wavutwe wakiwa juu.
5. Safisha chujio la hewa, angalia plagi na upepo wa magurudumu. Zima injini unaposubiri kwa muda mrefu.
6. Anayekata mti na apande, na aulinde mche dhidi ya mbuzi na moto wa kiangazi hadi ukue.

Maswali ya kujadili

Tunaomba maswali haya yasomwe kwa sauti katika mikutano ya polisi jamii, shuleni na katika nyumba za ibada, na yajadiliwe kwa lugha yoyote ambayo wahudhuriaji wanaielewa, iwe Kikakwa, Kilugbara, Kilingala au Kiswahili.

1. Ni vitu gani vitatu tulivyovitenganisha katika moshi, na ni kipi kati yake tunakiona?
2. Bodaboda inayotumia lita 2 za petroli kwa siku hutoa kilo ngapi za hewa ukaa kwa siku 10?
3. Kwa nini makaa mekundu yasiyotoa moshi ni hatari zaidi katika chumba kilichofungwa kuliko watu wanavyodhani?
4. Mtu amekutwa amekufa chumbani bila jeraha. Ni maswali gani tuyaulize kabla ya kumtuhumu jirani?
5. Katika kijiji chetu, ni mahali gani pamekatwa miti bila kupandwa, na nani ataanza?

Kwa dharura yoyote, piga simu ya bure 999 au 112, au fika katika kituo cha polisi kilicho karibu nawe.